Mdogo wangu, hiyo chaki iweke pembeni kwanza

Marahaba mdogo wangu, voisi yako nimeisikiliza, eti watoto wa darasa la pili hawashiki mdundo ufanyeje. Nakujibia huku hadharani maana walimu wa muziki wanaohangaika na hili sio wewe peke yako.

Kwanza futa hizo noti ubaoni. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, alikuwa anafundisha hamonia, yaani kupanga sauti zinazolia pamoja, pale konsevatori (chuo cha muziki) ya Geneva tangu 1892, akakuta wanafunzi wake kwenye karatasi wako vizuri tu ila mwilini hamna kitu, ndio akaanza kuwatembeza wafuate muziki kwa miguu. Sasa kama wale walitembezwa, hawa wako wa miaka saba je?

Na mchezo unao tayari, nyama nyama nyama, si tumeucheza mpaka maghrib! Ila wachezeshe hivi, wote wanakanyaga pale pale walipo, kushoto kulia, miguu haisimami hata iweje, unaita "nyama ya mbuzi" wanajibu "nyama!" na kofi moja, "ya ng'ombe", "nyama!", "ya fisi"... kimya, lakini miguu inaendelea, na usiwasubiri, unaita inayofuata pale pale ilipotakiwa kuingia. Kupiga makofi kila mtoto anaweza bwana, kunyamaza kwa urefu wake ndio kazi, wengi wanaukata ule ukimya kabla haujaisha, na kwaya nyingi tu za watu wazima zinaukimbiza wimbo kwa sababu hiyo hiyo.

Ile sheria ya aliyekosea anatoka mimi darasani siitaki, anayekosea ndiye mwenye shida ya mazoezi halafu wewe umemkalisha chini? Aje mbele aite yeye.

Wakizoea, ingiza vyakula, kila hatua moja ya mguu neno moja: embe, maandazi, chapati. Embe inagawa hatua mara mbili, maandazi mara nne, hizo wataziweza haraka. Chapati ndio itawasumbua, mara tatu zilizo sawa sio mchezo, watabana mwanzo wavute mwisho, wape hata wiki nzima.

Ndoo na makopo ya kokoto toa dakika za mwisho za kipindi, ukianza navyo sauti yako hawaisikii tena na mwalimu wa hesabu chumba cha pili atakuja mlangoni. Ukishajaribu nirekodie, hasa hiyo chapati.