Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Zahanati Zetu, Wagonjwa Wetu na Lile Grupu la WhatsApp

Ndugu wanachama, wamiliki na wasimamizi wa zahanati, kliniki na maabara binafsi za hapa Mbagala na jirani zake, poleni na kazi. Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu Jumamosi iliyopita, lakini mnajua wenyewe kilichotokea, tumekaa tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 6 na nusu wamefika watu 13 na akidi yetu ni 24, chai imepoa, chapati zimebaki, nikaahirisha. Basi naituma kwa maandishi ili asije mtu akasema hakuambiwa.

Ya kawaida napita haraka maana mnayajua. Kamati imekaa vikao 5, ritani, yaani taarifa zetu za mwaka kwa Msajili wa Jumuiya, zimepelekwa kwa wakati, Oktoba tulipima presha na sukari bure na watu walijaa, misiba tumeshiriki. Nawashukuru waliokuja na viti na turubai.

Sasa nije kwenye lile ambalo limefanya niitwe majina mwaka mzima, kufungwa kwa grupu letu la WhatsApp la wagonjwa, ambalo wengine mnasema nililifunga peke yangu na nimeua biashara.

Niwakumbushe kwanza kwamba lile grupu nililianzisha mimi, 2021, kwa simu yangu na bando langu, nikiwaomba mniletee namba za kina mama wajawazito na wenye watoto wachanga wanaohudhuria kwetu. Mwanzo lilijaa watu 256 tukakwama, mpaka 2022 WhatsApp walipopandisha hadi 1,024 ndo tukaendelea kuongeza. Kwa hiyo anayesema mwenyekiti hapendi mitandao ananionea. Nilianza mitandao wengi wenu mkiniambia mgonjwa atakuja tu akiumwa, ya nini kumfuata kwenye simu.

Na lilifanya kazi. Januari 2024 macho mekundu yalipoingia Dar, mnakumbuka, kwangu asubuhi moja aliingia baba na mtoto wa miaka 4, kope zimevimba zimegandana, nauliza mmemweka nini, ananiambia bibi yake kamkamulia maziwa ya mama mmoja jirani, jioni wakaongeza majani ya chai. Wengine waliweka mkojo. Wizara inatangaza wasiweke vitu hivyo lakini zile voisi za kuusifia mkojo zinatembea haraka kuliko tangazo. Nikamwambia tabibu wangu simama hapo kwenye bomba, nawa mikono, sema kwa Kiswahili cha kawaida, nikamrekodi dakika 1 na nusu: ni virusi, mara nyingi yanapona yenyewe ndani ya wiki 1 au 2, usichangie taulo, usisugue, ukiona mwanga unaumiza au huoni vizuri njoo kituoni. Hakuna muziki, hakuna mapambo. Ile video ilirudi kwangu imeforwadiwa na watu nisiowajua kabisa, na kina mama walianza kuja wakisema sijaweka kitu dokta, nimeona video. Hiyo ndo faida ya mitandao kwa kituo cha afya, na mimi ni wa kwanza kuisema.

Lakini Machi tukaona upande wa pili. Kitita kipya cha mafao cha NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilipoanza tarehe 1 na hospitali binafsi zikagoma kupokea kadi, grupu liliwaka moto siku 3. Mama anauliza kadi yangu inapokelewa? Mwanachama mmoja anajibu njoo tunapokea, mwingine anajibu hakuna kituo kinapokea, wa tatu anatumia nafasi hiyohiyo kutangaza bei zake za ultrasaundi. Mama mwenye mimba ya miezi 8 atamsikiliza nani hapo? Nilikesha nafuta meseji.

Halafu Mei. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu wengi mnalijua nusunusu. Mhudumu wa kituo kimojawapo, sikitaji na sitakitaja, alipiga picha kadi ya kliniki ya mama ili amtumie daktari wake inboksi amuulize dozi, mkono ukateleza ikaenda grupuni. Jina la mama linasomeka, mtaa unasomeka, na majibu ya kipimo cha kaswende yanasomeka. Ilikaa dakika 11 mpaka mtu akaifuta, watu zaidi ya 700, humo wamo majirani zake, wamo mawifi zake, yumo fundi wake wa nguo. Skrinshoti zilishatoka.

Siku ya pili yule mama alikuja kwangu, siyo kwenye kile kituo, kwangu, kwa sababu jina langu ndilo limeandikwa admini. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akafungua pindo la kanga akatoa simu yake, kioo kimepasuka, akaniwekea ile picha mbele yangu na kuniuliza, dokta, hii niliwapa nyie ili mnitibu au ili mnitangaze? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kliniki akaacha kwenda. Nilimfuata nyumbani mara 3 na muuguzi wangu kwa nauli yangu mwenyewe, mara ya 3 ndo alikubali kumaliza sindano zake, na mumewe naye akatibiwa. Namshukuru Mungu alijifungua salama.

Sasa ndugu zangu mnaosema nimeua biashara, nawauliza, mgonjwa analeta nini kwetu zaidi ya siri yake? Panadol anaipata dukani. Anakuja kwetu kwa sababu anaamini anachosema kwenye kile chumba kinabaki pale. Ikivuja mara moja hata ungeposti kila siku hatarudi, na atawazuia wenzake 10.

Na kuna sheria, siyo hisia zangu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, Tume yake imezinduliwa Aprili 2024, na taarifa za afya zimehesabiwa humo kuwa taarifa nyeti ambazo zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Kumwingiza mtu kwenye grupu ambalo kila mmoja anaona namba yake na kujua kwamba ana mimba, bila kumuuliza, tayari ni kosa hata kabla ya ile picha. Vituo vyetu vinatakiwa visajiliwe kwenye hiyo Tume. Waliosajili naowajua mimi ni 8. Wanane!

Kuhusu kwamba niliamua peke yangu kulifunga grupu, hapana. Niliitisha kikao cha dharura tarehe 8 Juni, tangazo lilitoka siku 5 kabla, mkaja 9. Katiba yetu inairuhusu kamati tendaji kuamua jambo la dharura na ndicho tulichofanya. Ningesubiri akidi mpaka picha ya ngapi?

Badala ya grupu tuna namba moja ya chama kwenye WhatsApp Business, na kijana wa kuihudumia aliyesomea uuguzi, ambaye ameapa kutunza siri na kusaini. Mgonjwa anaandika, anayeona ni huyo kijana tu, naye anamuelekeza kituo au anampigia tabibu wa zamu. Ukiandika usiku inajibu yenyewe kwamba kama ni damu inatoka, degedege au mtoto hachezi tumboni usisubiri meseji, nenda kituo kilicho karibu sasa hivi. Asiyejua kusoma anatuma voisi na anajibiwa kwa voisi. Elimu ya jumla inakwenda kwenye ukurasa wa Facebook na stetasi, siku za chanjo, dalili za hatari, mambo ambayo hata jirani akiyaona hakuna anayeumia. Akitokea mtu kwenye komenti analalamika alivyohudumiwa hatubishani naye na wala hatusemi ndiyo tulikutibu tarehe fulani, tunamuomba apige simu, basi.

Nakiri kitu kimoja. Kati ya wale 700 na zaidi tumebaki na 312. Sababu mojawapo ni kwamba meseji za kutuma kwa wengi zinafika tu kwa mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na orodha moja inachukua watu 256. Kwa hiyo kazi inafanyikia mapokezi: mama anapoandikishwa, muulize kama anaridhia, asaini, halafu ahifadhi namba palepale mbele yako, siyo umpe kikaratasi akafungie maandazi. Vituo 6 vinafanya hivyo na karibu namba zote mpya zinatoka kwao. Wengine mnalaumu kijana hana kazi huku hamjamletea hata mgonjwa 1. Na wenye simu za kitochi tusiwasahau, kampeni ya Wazazi Nipendeni tangu 2012 ilikuwa inawafikia wajawazito kwa SMS za kawaida kupitia namba 15001, kwa hiyo kusema wagonjwa wangu hawana simu janja siyo sababu.

Fedha. Ada ni 120,000 kwa mwaka, tuko wanachama 46, ingetakiwa ipatikane 5,520,000. Imepatikana 2,890,000. Waliomaliza ni 19, waliolipa kidogokidogo 9, na 18 hawajatoa hata shilingi. Tuliingia mwaka na 175,000. Matumizi yote 2,650,000, humo kununua simu ya chama 420,000, posho ya kijana 150,000 kwa mwezi kwa miezi 7, bando 210,000, siku ya mafunzo na mwanasheria 380,000, iliyobaki ni misiba, ofisi na mambo madogomadogo. Salio 415,000. Kuna mtu amesambaza kwamba simu ya chama anatumia mwanangu. Simu inalala kwenye kabati ya Katibu, risiti ipo, njooni muione. Na inaniuma kwamba aliyesambaza ni katika wale 18.

Mwakani tukijaaliwa tunatamani kuongeza kijana wa pili, tupate mafunzo ya wahudumu wa mapokezi, na ikiwezekana video fupi kila mwezi kutoka kituo tofauti. Inategemea ada. Mkutano ulioahirishwa tutautangaza upya, nawaomba mje hata kama mnakuja kunipinga, mnipinge mkiwa mmekaa kwenye kiti. Orodha ya wanaodaiwa anayo Katibu, muulizeni mmoja mmoja inboksi, hatutaiposti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti