Hedifoni kubwa zinafaa kwa matumizi ya kila siku

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wasomaji wanaofikiria kuacha vipokea sauti vidogo vya kuchomeka masikioni na kuhamia hedifoni zinazofunika sikio lote. Spika zake, ambazo mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 40, hutoa besi iliyotulia, na zile zilizozibwa nyuma hupunguza kelele za nje, hivyo msikilizaji hana haja ya kuongeza sauti. Hilo ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zilizo wazi nyuma huvujisha sauti, kwa hiyo hazifai ndani ya basi. Wavaao miwani wazijaribu kwanza, maana fremu huacha upenyo.

Msomaji wako