Paka mzee akijificha msimwache peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma sana. Kuna hii kauli watu wameizoea, eti paka akikaribia kufa anajitenga mwenyewe, anataka faragha, kwa hiyo mwacheni. Jamani hapana. Paka akiumwa anajificha kwa sababu mnyama mdogo akionyesha udhaifu huko nje analiwa na wakubwa, na hata ukimfuga ndani miaka 15 silika hiyo haimtoki. Akiingia uvunguni hatoki, mara nyingi ujue anaumwa.

Wa kwetu figo zilichoka, ugonjwa unaowapata sana paka wazee. Tulianza kuona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa kupita kiasi, halafu akakonda mpaka ukipitisha mkono mgongoni unahesabu pingili kama tasbihi. Daktari wa mifugo akasema wazi huyu haponi, kilichobaki ni kumpunguzia mateso, na hapo ndo nikajua kumtuliza paka ni kazi kwelikweli. Chakula anakisusa kwa sababu figo zikishindwa anasikia kichefuchefu, sasa ukikipasha kiwe vuguvugu tu harufu inatoka na anaweza kulamba kidogo. Ila akikaa siku nzima bila kula chochote mpigie daktari, usiseme amekinai, paka asipokula siku kadhaa ini linaanza kujaa mafuta. Beseni la mchanga liwe na ukingo mfupi maana viungo vinamuuma, hawezi kuruka. Na kwa kuwa hana tena nguvu za kujilamba, mimi nilikuwa namfuta macho na kidevu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, anainua shingo mwenyewe nimfikie vizuri, anaanza kunguruma kwa raha. Lakini kunguruma nako kusiwadanganye, paka ananguruma hata akiwa kwenye maumivu makali.

Kubwa zaidi, nawasihi wasomaji, msimpe dawa ya maumivu ya binadamu! Mtu anamwonea huruma paka wake anamvunjia parasetamoli, kumbe ini la paka haliwezi kuichakata, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinabadilika rangi, anakufa kifo kibaya mno na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Ibuprofeni nayo ni sumu kwake. Dawa za maumivu za paka zipo, daktari anampimia kwa uzito wake.

Halafu hili la sindano ya mwisho, ile ya kumfanya mnyama asiyepona afe bila maumivu, watu wanaliogopa wanaona ni ukatili. Mimi sioni hivyo. Kama anahema mdomo wazi, hali chakula, hasimami, anajikojolea alipolala, kumwongezea siku ni kwa ajili yetu sio yake. Mara nyingi anapewa kwanza ya kumtuliza asinzie, kisha dozi kubwa ya nusukaputi, yaani dawa ya usingizi mzito, na moyo unasimama ndani ya dakika chache. Macho yanabaki wazi, bora mtu aambiwe mapema asije akashtuka. Na tafadhali mkae naye chumbani, msimwache na watu asiowajua, anaijua sauti yenu.

Mhariri, mbona kurasa zenu za mifugo ni ng'ombe na kuku tu? Mwiteni daktari wa mifugo aandike kuhusu paka na mbwa wazee, dalili za maumivu, dawa gani ni hatari, watu waweze kuuliza maswali. Wanyama wengi wanateseka kwa sababu tu mwenye kuwafuga hakuambiwa.

Msomaji wenu