Kaka, milimita nne zile

Shikamoo kaka.

Naandika hapa kwa sababu kwingine hupatikani. Kwenye kundi la familia umejitoa, simu inaita mpaka inakata, na barua niliyompa mama wa Igoma akupe umeirudisha ikiwa imefungiwa ndani ya mfuko wa dagaa, kana kwamba mimi ndiye mwenye njaa. Kadi ya mchango wa harusi ya kijana wetu imekufikia, hilo nina hakika nalo. Basi soma, na wengine wakisoma si kitu.

Siombi radhi kwa kuomba bapa la kijana wetu, ile plastiki ya mwisho wa gongo inayopiga mpira, lipimwe kwenye mechi ya floboli, mchezo wa magongo wa ukumbini, kati ya timu yako na yangu. Nahodha ndiye mwenye haki ya kuomba kipimo, na haki hiyo ina bei: bapa likikutwa sawa, timu iliyoomba ndiyo inayotoa mtu nje dakika mbili. Kwa hiyo usiwaambie watu nilikurupuka. Niliomba huku najua naweza kubaki na wachezaji wanne dhidi ya watano wako, sare ya nne kwa nne, kipindi cha tatu.

Unajua kinavyopimwa. Gongo linalazwa kwenye meza iliyonyooka, tumbo la bapa likiangalia chini, halafu unapima kutoka usawa wa meza hadi sehemu ya ndani iliyoinuka kuliko zote. Mpindo huo mwisho wake ni milimita 30. Rula ya refa ilisoma 34. Kijana akashika kichwa, akageuka kukutafuta kwenye benchi, na wewe ukatazama bati la ukumbi. Ukaendelea kulitazama mpaka akafika kwenye kiti cha adhabu.

Kupinda bapa hakujawahi kunikera, kaka. Kila mchezaji wa floboli anapinda, sheria yenyewe inaruhusu. Kinachokatazwa kwenye bapa ni mabadiliko mengine yoyote, kama ambavyo mpini huruhusiwi kuufanya lolote zaidi ya kuufupisha. Lakini mchezaji hujua bapa lake lina mpindo gani. Yule hakujua. Alikuwa anakula machungwa na wenzake wakati wewe uko nyuma ya ukumbi kwa mama ntilie, umetumbukiza gongo la mtoto wa watu kwenye sufuria. Mama ntilie ndiye aliyeniambia baadaye, na alikuja kudai maji yake ya ugali, wala hakuwa na habari za michezo.

Na hata hivyo ulikosea namna ya kupinda, jambo lililonishangaza kwako. Hivi ndivyo tulivyokubaliana siku zote: maji yachemke, yaepuliwe, ndipo bapa liingie kwa dakika moja, likiwa gumu sana mbili. Liingie bapa peke yake. Ile shingo inapoungana na mpini ibaki juu ya maji, kwa sababu plastiki ya pale ikilegea, skrubu zinacheza, na bapa linaanza kuzunguka kila ukipiga shuti. Unalitoa, unalishika kwa kitambaa, unalipinda kidogo kidogo kuanzia theluthi ya kwanza karibu na kisigino, upande wa mpini, usivute ncha peke yake. Halafu maji baridi, huku umelishikilia, mpaka lipoe kabisa. Kupima ni baada ya kupoa, maana plastiki ikiwa ya moto inakudanganya: ikipoa inarudi nyuma kidogo. Ukilenga 25 unakaa salama. Ukilenga 30 juani kwetu huku, gongo likilala kwenye gari lililofungwa vioo saa sita mchana, hujui litaamka na ngapi.

Wewe ulipinda ncha tu, juu ya kizingiti cha mlango. Ndiyo maana kipindi chote cha pili pasi zake za nyuma ya bapa zilikuwa zinateleza, na mashuti ya mbali yanapaa juu ya lango. Lango lina kimo cha sentimita 115 tu. Mpira wa gramu 23 wenye matundu 26, ukiutia kwenye bapa kama kijiko, unautupa juu utake usitake. Ukamfokea mbele ya watu kwamba hajui kupiga. Alikuwa anapiga vizuri kwa gongo ambalo halikuwa lake tena.

Najua utakalosema: ungeninong'oneza kwanza, mimi ni mdogo wako. Kweli, ningeweza. Lakini nilishakunong'oneza habari ya zile kuta za plaiwudi. Karatasi 25 tulizikata vipande vya sentimita 50 kuzunguka uwanja wa mita 40 kwa 20, ukazipiga misumari ya zege ili zisitikisike. Nilikwambia kuta za mchezo huu hutengenezwa vipande vinavyosimama kwa miguu yake ili vilale mtu akivigonga kwa uzito wake. Ukacheka. Wiki ileile mmoja akatoka na goti. Nikunong'oneze mara ngapi?

Halafu unawakusanya vijana mbele ya laptop kuangalia mashindano ya dunia ya wanaume, unawaambia siku moja Mwanza nao watafika pale. Mimi nalitaka hilo kuliko unavyodhani. Ila pale unakoota ni timu 16, makundi manne, wakubwa wamewekwa A na B. Wawili wa juu wa A na wawili wa juu wa B wanaingia robo fainali moja kwa moja, waliobaki wa A na B wanakutana na wawili wa juu wa C na D kugombea nafasi nne zilizosalia. Mgeni anaanzia chini, na njia yake inapita kwenye mechi ambazo bao moja ndilo kila kitu. Kumbuka fainali ya 2006 Stockholm: Uswidi 7, Ufini 6, muda wa nyongeza. Fainali ya 2008 Prague: Ufini 7, Uswidi 6, muda wa nyongeza tena. Uswidi walikuwa wamebeba kombe tangu mashindano yalipoanza mwaka 1996, mara sita mfululizo, wakaangushwa kwa bao moja. Katika mechi ya namna ile nani anampeleka mchezaji wake nje dakika mbili kwa ajili ya milimita nne?

Na dakika mbili zile zilifanya kazi yake, uliona. Wanne wako walijipanga mraba mbele ya kipa, vizuri tu, mpaka mmoja alipotoka kuukimbilia mpira kwenye kona. Upande wake ukabaki wazi, tukafunga, adhabu ikaisha palepale kwa lile bao, kijana akarudi uwanjani anakimbia kama mtu aliyefiwa. Aliniambia jioni kwamba bapa alilonunua lilikuwa bovu. Amelitupa. Amekopa kununua jingine.

Hajui mpaka leo, kaka. Sikumwambia. Nimekaa kimya kwa heshima yako, na wewe unapita kwa ndugu kusema nimekudhalilisha. Wewe ndiye uliyemfundisha kushika gongo, akiwa bado anaburuza ufito pale uwanjani Nyakato. Ni wewe anayetaka asimame naye siku ya harusi, si mimi. Mwambie kabla ya siku hiyo. Maneno matatu yanatosha, huna haja ya kueleza habari ya sufuria.

Bapa lile niliokota. Nimelirudisha kwenye maji ya moto, nikalinyoosha, nikalipinda upya: sasa lina 24. Nimekata na kibao cha mninga chenye unene wa milimita 30 kamili, hakihitaji rula wala refa. Kikipita chini ya bapa bila kugusa, limezidi. Vyote viwili viko kwa mama wa Igoma, nyuma ya mlango.

Jumamosi tunang'oa ile misumari ya zege, kuanzia saa mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Nyundo ya kung'olea ni moja tu, na iko kwako. Ya mchango utaleta ukipata.