Ile si picha ya kiini cha atomi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nirekebishe neno moja. Wiki chache zilizopita mlichapisha habari ya wanafizikia wa CERN, maabara kubwa ya chembe kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na chini ya mchoro wa rangi za zambarau na machungwa mkaandika kwamba ni picha ya kiini cha neoni. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliikata habari ile kwa wembe, akaja nayo darasani imekunjwa ndani ya daftari, akauliza: "Mwalimu, hiyo kamera ina megapikseli ngapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa zuri kuliko kichwa chenu cha habari. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jumatatu ikawa Alhamisi. Jibu lenyewe ni megapikseli 12,500, na hakuna hata pikseli moja kati ya hizo iliyopiga picha ya kiini.

Nianze na lisilowezekana. Wimbi moja la mwanga tunaoonea ni refu kuliko kiini cha atomi zaidi ya mara milioni 10. Kutafuta umbo la kiini kwa mwanga huo ni sawa na kutaka kujua punje ya mchanga imekaaje kwa kutazama mawimbi ya bahari yanavyoipita. Jambo hili si geni. Mwaka 1909, pale Manchester, Geiger na Marsden, waliokuwa chini ya Ernest Rutherford, walikaa gizani wakihesabu vimulimuli kwenye kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita, chache mno zikarudi nyuma. Kwa hesabu ya hizo chache, mwaka 1911 Rutherford akatamka kwamba katikati ya atomi kuna kitu kidogo sana, kizito, chenye chaji. Hakukiona. Alikijua kwa jinsi vilivyokigonga vilivyotawanyika.

Kinachofanyika leo ni kilekile, ila kwa ukatili zaidi. Badala ya kukipiga kiini kwa kitu kidogo, wanagonganisha viini viwili vizima vinavyokimbia karibu na kasi ya mwanga. Vinayeyuka. Kwa kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua, tena mbali sana, hubaki tone la moto lenye joto linalolipita la katikati ya jua zaidi ya mara 100,000. Kisha tone linapasuka na kumwaga chembe pande zote. Ukitaka kujua viini vilikuwa na umbo gani kabla havijavunjika, huna budi kulisoma kwenye huo mmwagiko.

Darasani nilitumia viazi vitamu. Nilichukua viwili virefu, nikavigonganisha kwanza ncha kwa ncha, halafu ubavu kwa ubavu, nikawaambia wanafunzi wasimame mahali ambapo kiazi kinawajia usoni. Ncha kwa ncha wanaona duara dogo. Ubavu kwa ubavu wanaona umbo la yai refu. Sasa, tone la moto lililozaliwa duara hulipuka sawasawa kila upande, na kwa kuwa limebanwa padogo, chembe zake hutoka na kasi zaidi. Lililozaliwa refu hupendelea upande: shinikizo ni kali kwenye ubavu mwembamba, kwa hiyo chembe nyingi zaidi hukimbilia huko kuliko kwenye urefu. Machungwa mawili hayana mambo hayo. Yagonganishe katikati kabisa, yageuze utakavyo, ni duara tu. Basi ukikusanya migongano mingi sana ukakuta ile ya chembe zenye kasi kubwa ndiyo isiyopendelea upande, umeshajua kwamba ulikuwa unagonganisha viazi.

Ndivyo walivyofanya wanasayansi wa jaribio la STAR huko Brookhaven, Marekani, kwa viini vya urani (naam, madini yaleyale yaliyoupa umaarufu mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga, Kongo). Walivilinganisha na vya dhahabu, ambavyo vinakaribia kuwa duara, na matokeo yakatoka katika jarida la Nature Novemba 2024. Urani ni kiazi. Julai 2025 ikawa zamu ya CERN: oksijeni kwa oksijeni, kisha neoni kwa neoni. Kiini cha oksijeni kina protoni 8 na nyutroni 8, nacho hakiko mbali na duara. Cha neoni kina protoni 10 na nyutroni 10, na wananadharia walikuwa wamesema kimekaa kama kibuyu. Nyongeza ya protoni mbili na nyutroni mbili tu, umbo limebadilika. Katika migongano ya katikati kabisa, neoni ilionyesha kupendelea upande kuliko oksijeni, kama hesabu za kibuyu zilivyotabiri. Hiyo ndiyo habari mliyoichapisha, na ni habari tamu hata bila neno "picha".

Sasa nirudi kwenye pikseli, maana kijana aliuliza hizo. Fikiria kitanda cha kamba. Zamani, na hata leo mahali pasipo na msongamano, njia ya kujua chembe imepita wapi ilikuwa kutumia vipande vya silikoni vyenye mistari, safu moja ikienda wima na nyingine mlalo, kama kamba za kitanda. Chembe moja ikipita, unasikia mstari mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, unajua tundu lake. Zikipita mbili kwa pamoja, mistari miwili inaguswa huku na miwili kule. Makutano yanakuwa manne: mawili ya kweli, mawili ya mzimu. Chembe 10, makutano 100. Viini vya risasi (ile metali, si ya bunduki) vikigongana sawasawa hutoka chembe kwa maelfu, na hapo kitanda chako kinakuwa mizimu mitupu.

Dawa yake ni kulipatia kila tundu mdomo wake, liseme lenyewe. Pikseli ni hilo tundu lenye mdomo. Haishangazi kwamba waliozihitaji mapema ni hawa wa viini vizito: jaribio la WA97 la CERN, lililotumia miale ya risasi miaka ya 1990, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutegemea pikseli za silikoni. Leo jaribio la ALICE, hapohapo CERN, lina chipu 24,120 ziitwazo ALPIDE, zimepangwa katika matabaka saba na kujaza karibu mita za mraba 10. Ziliwekwa mwaka 2021, na ndizo zenye zile megapikseli 12,500. Chipu moja ni sentimita 3 kwa 1.5, ina pikseli zaidi ya nusu milioni, na zile za ndani kabisa, zilizokaa sentimita mbili na kidogo kutoka mahali pa mgongano, zina unene wa mikromita 50. Unywele wa wengi wetu ni mnene kuliko hapo. Wembamba huo si mbwembwe. Chembe ikipenya kitu kinene hupindishwa kidogo, na ukiifuata kurudi nyuma unajikuta umeipeleka kwenye nyumba isiyo yake.

Nilimpitia fundi simu wa sokoni kwetu, akanifungulia kamera ya simu iliyokufa. Akanionyesha kwa ncha ya kibano kipande cheusi kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. ALPIDE ni ndugu wa kipande hicho, imetoka katika ukoo uleule wa utengenezaji. Lakini angalia tofauti. Kamera ya simu hupima mwanga ulioingia ni kiasi gani, ndiyo maana unapata kivuli na rangi. Pikseli ya ALPIDE haipimi kiasi. Chembe ikipita inaacha elektroni kidogo ndani ya silikoni, na pikseli inajibu neno moja tu: nimeguswa. Isipoguswa, kimya. Kutokana na majibu hayo kompyuta inaunganisha nukta kuwa njia, njia zinahesabiwa pembe zake, na baada ya migongano mingi mno ndipo mtu anachora kibuyu. Mchoro mliouchapisha ni mwisho wa mlolongo huo wote, na aliyeuchora alitumia mkono na programu.

Najua wanafizikia wenyewe hupenda kusema "tumepiga picha". Wao wanaelewana. Mtoto wa kidato cha tatu haelewi hivyo, na mhariri wa habari za sayansi kazi yake ni kusimama katikati ya hao wawili.

Halafu mliandika kwamba ni mara ya kwanza kujulikana kwamba viini si duara. Hapana. Aage Bohr, Ben Mottelson na James Rainwater walipewa Nobeli mwaka 1975 kwa kazi ya miaka ya 1950 kuhusu viini vilivyopinda umbo. Mwaka 2013, CERN hiyohiyo, katika kituo chake cha ISOLDE, ilitoa taarifa kwamba kiini cha radi-224 (elementi ya rediamu, si radi ya mvua) kimekaa kama parachichi, kichwa chembamba na tako nene. Kipya sasa ni njia: kukivunja kiini na kusoma umbo lake kwenye vipande, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba protoni na nyutroni hazina nafasi ya kujipanga upya.

Kuhusu msomaji wenu aliyeandika kuuliza haya yote yanatusaidia nini, sina ugomvi naye. Chipu za Medipix zilizozaliwa CERN kutokana na pikseli za namna hii ndizo zilizotumika mwaka 2018 kutoa eksirei ya kwanza ya rangi, ya pande tatu, ya mtu aliye hai, huko Nyuzilandi, alikozaliwa Rutherford. Lakini kusema kweli, hata zisingetumika hospitalini ningeandika barua hii.

Ombi langu ni dogo: mkichapisha tena, andikeni "mchoro". Yule kijana tayari amechora kibuyu chake cha neoni pembeni mwa ubao, amekipamba na shingo, na wenzake wamekataza kisifutwe. Chati ya ukutani iliyo jirani yake bado inaonyesha kila kiini kama fungu la gololi. Nimewaambia kwenye mtihani wachore duara, wasije wakapoteza alama.

Mwalimu wa fizikia,
Korogwe.