Risala ya Waumini wa Parokia ya Kiorthodoksi, Ebunyore, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Elimu wa Kaunti Ndogo, Baba Padri, wazee wa kanisa, akina mama, vijana na majirani wa makanisa mengine, hamjambo.

Tunashukuru kwamba umekuja kwenye sikukuu ya msimamizi wetu, Mtakatifu Nikolaos, leo Desemba 6. Pengine umeshaona kioja: mgeni kakaribishwa Ebunyore na mezani hakuna ingokho, yaani kuku! Si uchoyo, mheshimiwa. Tangu Novemba 15 tumo katika mfungo wa Krismasi, hatuli nyama wala hatunywi maziwa. Leo tunaruhusiwa samaki kwa heshima ya mtakatifu, na akina mama walidamkia soko la Luanda kwa ajili yako. Chai ni ya strungi, bila maziwa.

Watu hutuita kanisa la Wagiriki. Jina hilo halitukasirishi, ila linaficha habari tamu. Mwaka 1929 wamisheni walipokosana na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, wengi walijitoa, wakajenga shule zao na kusali kivyao. Kilichokosekana ni mapadri. Mwaka 1935 akaja Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akafundisha, na kufikia 1937 akawa amewapa upadri wa kwanza, Arthur Gatung'u Gathuna akiwa mmoja wao. Huko Uganda, Reuben Spartas Mukasa alikuwa keshaishika njia hiyo. Wakaandikiana na Aleksandria, Misri, na mwaka 1946 Patriaki wa huko, mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika, akawapokea. Kwa hiyo hatukuletewa kanisa hili na mmisheni. Waafrika walilitafuta wenyewe, wakalipata humu humu Afrika.

Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, makanisa na shule zilifungwa na Gathuna akatiwa kizuizini. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios, aliyekuwa pia Rais wa Saiprasi, alibatiza maelfu hapa Kenya na kuanzisha ujenzi wa seminari ya Riruta, Nairobi, iliyofunguliwa 1982.

Huku magharibi imani iliwaingia Wanyore, Waluo na Wanandi. Marehemu Askofu Athanasius Akunda, Mnyore mwenzetu, aliandika tasnifu ya uzamifu juu ya mazungumzo ya Uorthodoksi na utamaduni wetu, akawa askofu wa Kisumu na Kenya Magharibi hadi alipofariki 2019. Jumapili Liturujia huimbwa kwa Kiswahili na Kinyore, na nyanya zetu wanaitikia "Kyrie eleison" (Bwana, hurumia) kana kwamba walizaliwa Athens. Siku nyingine kuna chama cha akina mama, na kukiwa na matanga kila nyumba hutoa gorogoro (kopo la kupimia) ya mahindi, aliyefiwa awe wetu au asiwe wetu.

Sasa, mheshimiwa, ombi lililotufanya tukualike wewe hasa. Pasaka yetu huhesabiwa kwa kalenda ya kale. Mwaka 2025 tulisherehekea pamoja na wenzetu wa makanisa mengine, Aprili 20. Lakini 2024 wao walikuwa Machi 31, sisi Mei 5. Mwaka 2027 Ijumaa Kuu ya taifa itakuwa Machi 26. Yetu itakuwa Aprili 30, wakati ambao kwa kawaida watoto wamesharudi bweni kwa muhula wa pili. Mtoto anayeomba ruhusa huulizwa Pasaka gani hiyo tena, mbona ilikwisha? Wengine hudhaniwa watoro. Usiku ule tunapowasha mishumaa na kuitikiana "Kristo amefufuka! Kweli amefufuka!", vijana wetu wamelala shuleni.

Hatuombi sikukuu ya taifa. Tunaomba barua yako kwa walimu wakuu, ili mwanafunzi mwenye cheti cha Baba Padri aruhusiwe kutoka Ijumaa hiyo na kurudi Jumatatu. Tarehe za miaka ijayo tumeziambatisha kwenye nakala ya risala hii.

Ombi la pili ni tanki la maji kwa darasa la chekechea. Tofali za msingi wake tumeshafyatua.

Karibu sana utujibu.

Ni sisi, waumini wa parokia.