Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: intaneti ipimwe kwanza, kompyuta zinunuliwe baadaye

YAH: KUTAZAMA TELEVISHENI KWA KOMPYUTA KATIKA KUMBI NA SHULE

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Sisi ni mafundi wa kompyuta na mitandao wa Mwanga, Gungu na Ujiji. Tuna ombi moja: manispaa itakapotaka wananchi na wanafunzi watazame televisheni kupitia intaneti, shilingi ya kwanza iende kwenye kupima na kupanga mtandao, mashine zifuate.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Megabiti 1 kwa sekunde, ikitiririka saa nzima, hula gigabaiti 0.45 za bando (baiti moja ni biti nane). Picha ya 480 (yaani mistari 480 kutoka juu hadi chini), ambayo kwa kioo cha kompyuta inatosha, huhitaji megabiti 1 hadi 1.5 kwa sekunde, ya 720 kama 3, ya 1080 huanzia kama 5. Dishi la setilaiti halijali watazamaji ni kumi au elfu, mawimbi ni yale yale. Intaneti haiko hivyo: kila kompyuta huvuta mkondo wake peke yake, hata kama zote zinaonyesha kipindi kimoja. Chumba chenye kompyuta 20 kwa megabiti 1.5 kila moja kinataka megabiti 30 kwa sekunde, na baada ya saa moja gigabaiti 13.5 zimekwisha. Kompyuta moja yenye projekta na spika nzuri, kwa picha ya 720, inahudumia ukumbi mzima kwa gigabaiti 1.35.

Upimaji ufanyike ndani ya ukumbi wenyewe, saa mbili usiku, kwa siku kadhaa. Kipimo cha saa nne asubuhi hakina maana, kwa sababu usiku mji mzima uko kwenye simu. Mkataba wa mtoa huduma ukisema "hadi megabiti 20", hiyo ni dari; daini kiwango cha chini nacho kiandikwe.

Picha ikisumbua, lawama zote hupelekwa kwa mtandao, na mara nyingi hauhusiki. Kiduara kikizunguka, picha na sauti zikisimama pamoja, hapo kweli ni mtandao. Lakini sauti ikienda vizuri huku picha ikirukaruka na feni ikivuma, ni kompyuta yenyewe. Video nyingi siku hizi hubanwa kwa VP9 au AV1, mbinu mpya za kupunguza ukubwa wa video, na mashine za zamani hazina sehemu maalumu ya kuzifungua, basi mzigo wote unaangukia prosesa. Shusha picha hadi 480, au chagua mkondo wa H.264, mbinu ya zamani zaidi, kama upo. Kasoro ya tatu inawachanganya wengi: ukurasa unagoma kabisa kufunguka, unadai muunganisho si salama. Angalia tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ikifa, umeme ukikatika tarehe hurudi miaka nyuma, na kivinjari huviona vyeti vya usalama vya tovuti kama ambavyo muda wake haujaanza. Mashine nzima hurudishwa dukani kwa ajili ya betri ya ukubwa wa sarafu!

Kompyuta isiyohama iunganishwe kwa waya; mmoja unafika mita 100. Mkilazimika kutumia Wi-Fi ya 2.4 GHz, iwe chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Masasisho ya Windows yazuiwe wakati wa kipindi. Ruta na kompyuta ziwe kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika.

Matangazo ya moja kwa moja hukatwa vipande vya sekunde chache, na kompyuta hukusanya kadhaa kabla ya kuonyesha, ndiyo maana yanaweza kuchelewa hata nusu dakika. Goli la Simba au Yanga litashangiliwa kwanza kwa jirani mwenye dishi. Hilo halina fundi. Tovuti za kuonyesha mechi bure bila haki zizuiwe, nyingi hubeba virusi. Na kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakiruhusu kuonyesha hadharani, kwa hiyo mwenye haki aulizwe kwanza.

Kusema kweli, kama lengo ni taarifa ya habari tu, nunueni dishi na kisimbuzi, havihitaji bando. Kompyuta inalipa kwenye vipindi vilivyorekodiwa, hasa masomo. Kwa ruhusa ya mwenye kipindi, vipakuliwe mara moja tu, alfajiri, viwekwe kwenye diski ya terabaiti 1, ambayo kwa picha ya 480 hubeba zaidi ya saa 1,000. Kompyuta zote za shule zivisome kwa waya wa ndani bila kugusa intaneti, na mwanafunzi asimamishe na kurudia atakavyo. Hapo ndipo kompyuta 20 zina kazi.

Tunaomba zabuni ijayo itaje mambo manne: vipimo vya usiku, kiwango cha chini cha kasi, uwezo wa mashine kufungua VP9, na fundi atakayeitwa siku picha ikiganda.

Wenu,
Mafundi wa kompyuta na mitandao, Kigoma Ujiji